Mzazi Ugenini China

Mwanamke Mchina akijifungua, desturi ya kwao humtaka apumzike mwezi mzima. Kipindi hicho hukiita zuo yuezi. Hagusi maji ya baridi, huletewa supu ya moto, na mama yake au mama mkwe humfanyia kazi zote. Nasi twaijua arobaini ya mzazi.

Lakini kwa familia ya kigeni iliyohamia Guangzhou au Beijing kikazi, bibi yuko ng'ambo ya bahari. Sheria nayo haingoji: kwa kawaida kuzaliwa China hakumpi mtoto wa wageni uraia, na tangu mwaka 2013 wazazi hutakiwa kumsajili polisi ndani ya siku 60. Baba hukimbilia ubalozini kutafuta pasipoti. Mama hubaki ghorofani peke yake na kichanga, lugha hajui.

Kwa maoni yangu, baba asidhani karatasi zimemaliza wajibu wake. Apike uji, afue nepi, akeshe zamu yake. Na jirani Mchina akigonga mlango na bakuli la supu, akikaripia (wazee wa huko hukaripia kwelikweli!) mbona mtoto hana soksi, mkaribisheni ndani, hata kama mtaelewana kwa ishara tu.