Kadi kuukuu ya grafiki: Tununue kazi, tusinunue jina

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Hata hivyo, Mkenya wa kawaida ameishi miaka mingi akiikaidi methali hiyo. Koti lake alilipata Gikomba au Toi. Gari la jirani yake lilivuka bahari kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika miaka kadhaa. Kompyuta iliyo juu ya meza ya mwanawe ilifanya kazi katika ofisi fulani ya Ulaya kabla ya kutia nanga Mombasa. Kwa hivyo, kununua kitu kilichokwisha kutumika si jambo la kutuonea haya wala la kutushangaza.

Kuna kifaa kimoja, hata hivyo, ambacho bado hatujajifunza kukinunua kwa busara tunayoitumia tunapochagua koti. Kifaa hicho ni kadi ya grafiki, yaani kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kibebe mzigo wa kuchora kila kionekanacho kwenye skrini. Koti tunaligeuza nje ndani, tukakagua mishono na kujaribu vifungo. Kadi tunauliza jina lake tu, kisha tunatoa pesa.

Suala hili lawahusu walimu na wanafunzi kuliko watu wengine. Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na kugawika katika mikondo mitatu: Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Spoti. Mikondo hiyo ina masomo yanayohitaji kompyuta ya kuchora, kuhariri filamu au kuandika programu. Vyuoni nako, mwanafunzi wa usanifu majengo hawezi kumaliza kozi yake kwa kalamu na rula pekee. Mzazi wa Mutuini, Waithaka au Kawangware anapoambiwa na mwanawe kwamba kompyuta ya nyumbani "haina kadi", hana budi kuamua iwapo atatoa akiba yake au la. Aghalabu akiba hiyo huishia Luthuli Avenue, mbele ya kabati la kioo lililojaa kadi za miaka iliyopita.

Je, kadi hizo kuukuu zingali na thamani? Msimamo wangu ni kwamba zinayo, tena kwa wengi wetu ndizo pekee zilizo karibu na uwezo wetu. Lakini thamani hiyo haimo katika jina wala katika bei. Imo katika mambo matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoka nyumbani: kazi atakayoifanya, sanduku la kompyuta aliyo nayo, na umri uliosalia wa kadi yenyewe.

Tuanze na kazi. Kompyuta nyingi za ofisini zinazoletwa nchini zina prosesa za Intel zenye uwezo wa grafiki ndani yake. Uwezo huo unatosha kwa kupiga chapa, kuandaa maazimio ya kazi, kujumlisha alama za mtihani, kuonyesha video darasani, kusoma mtandaoni na kujifunza misingi ya kuandika programu. Mwalimu ambaye kompyuta yake inachukua dakika tano kuwaka hana ugonjwa wa kadi. Ana ugonjwa wa diski kongwe na uhaba wa kumbukumbu. Pesa zile zile akinunulia diski ya SSD na kuongeza kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8 au 16, atadhani amenunua kompyuta nyingine. Inasikitisha kwamba wengi huuziwa kadi ilhali walihitaji diski. Huko ni kumpa mgonjwa wa jino miwani.

Wanaohitaji kadi kwa hakika ni wale wanaochora majengo na vitu vya pande tatu, wanaohariri filamu ndefu, na wanaofanya majaribio ya akili mnemba. Wapo pia wachezaji wa michezo ya kompyuta, nami siwabezi, maana vijana wengi walianza kuipenda kompyuta kwa kucheza. Ila mzazi ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu kazi ipi hasa inayonunuliwa kadi.

Jambo la pili ni sanduku. Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapozama. Zile kompyuta za Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizoenea nchini ziliundwa kwa ajili ya makarani. Nyingi zina pawa saplai ya wati 180 hadi 260 tu, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Zile nyembamba hazipokei hata kadi yenye kimo cha kawaida. Sasa chukua mfano wa kijana anayesifiwa Radeon RX 580, kadi iliyotolewa mwaka wa 2017. Ni kadi hodari yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, na bei yake imeshuka sana. Lakini inakula hadi wati 185 peke yake, na inadai waya wake wa umeme. Kijana huyo akifika nayo Mutuini, atagundua kwamba haiingii sandukuni, na hata ingeingia isingewaka. Itambidi anunue pawa saplai, na kwa kuwa kompyuta nyingi za aina hiyo hutumia plagi za muundo wao wenyewe, huenda akahitaji sanduku na ubao mama pia. Kile cha bei nafuu kitakuwa kimezaa gharama tatu.

Linganisha na GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016, au GTX 1650 ya mwaka wa 2019. Kila moja huhitaji takribani wati 75, kiasi ambacho ubao mama unaweza kutoa wenyewe bila waya wa ziada, ingawa baadhi ya matoleo ya GTX 1650 yana tundu la waya na ni sharti yaangaliwe. Zipo pia zenye kimo kifupi zinazoingia katika masanduku membamba. Hazina sifa za kutamba nazo, lakini zinaingia, zinawaka na zinafanya kazi. Tusisahau umeme nao. Tofauti ya wati 110 kati ya kadi hizo na RX 580, zikifanya kazi kwa nguvu zote saa nne kila siku, ni takribani uniti 13 kwa mwezi. Msomaji na azidishe kiasi hicho kwa bei anayolipia tokeni, kisha azidishe kwa miezi 12.

Jambo la tatu ni umri uliosalia, na hili halionekani kwa macho. Kadi haifi kwa kuungua tu. Hufa pia mtengenezaji anapoacha kuiandalia programu kiendeshi, ile inayoiwezesha kuzungumza na kompyuta. Mnamo Oktoba 2025 kampuni ya NVIDIA ilikomesha viendeshi vipya vya kawaida kwa kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, na kuahidi marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. Pascal ni kizazi cha GTX 1050 Ti na GTX 1060. Mwezi uo huo Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Aidha, toleo la 13 la CUDA, programu inayotegemewa sana katika akili mnemba, lilipotoka mwaka wa 2025 liliviacha nje vizazi hivyo. GTX 1650, ambayo ni ya kizazi kilichofuata cha Turing, haikuachwa.

Maana yake ni nini kwa mnunuzi? Mwanafunzi anayehariri filamu na ambaye atahitimu kabla ya 2028 anaweza kununua GTX 1050 Ti bila hofu, mradi bei iwe ya chini. Yule anayetaka kusomea akili mnemba asiinunue hata akipunguziwa bei nusu, bali aanzie kizazi cha Turing kwenda mbele. Kadi mbili zinaweza kukaa kabati moja zikikaribiana kwa bei, moja ikiwa na safari ndefu mbele yake na nyingine ikikaribia kituo cha mwisho. Muuzaji hana sababu ya kukueleza, na yamkini mwenyewe hajui.

Najua kuna watakaosema kwamba rahisi ni ghali, na kwamba heri mtu asubiri hadi apate pesa za kadi mpya. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inasahau kwamba mwanafunzi hana muda wa kusubiri. Mwenye mradi wa kuwasilisha muhula huu hafaidiki na kadi atakayoipata akishahitimu. Vilevile, bei za vifaa vipya hazishuki kila mwaka kama tulivyozoea. Mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zilianza kupanda bei duniani kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vilikuwa vikizinunua kwa wingi. Anayesubiri bei ishuke anaweza kusubiri hadi masomo yaishe.

Wengine huogopa kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Sarafu ya Ethereum ilipobadilisha mfumo wake mnamo Septemba 15, 2022, uchimbaji wake kwa kadi ulikoma, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni kote duniani. Kufanya kazi mfululizo si lazima kuiharibu kadi, kwani kinachochakaa zaidi ni feni, na feni hubadilishwa. Cha kuogopwa zaidi ni ulaghai. Kumekuwa na kadi kongwe, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, ambazo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Kuna pia majina yanayopoteza njia bila kuvunja sheria. GTX 1060 ya gigabaiti 3 si ile ya gigabaiti 6 iliyopunguzwa kumbukumbu tu, bali ina viini vichache pia. Na kuna RX 580 iliyoundwa kwa ajili ya soko la China ikiwa na viini 2,048 badala ya 2,304.

Dawa ya hayo yote ni kupima kabla ya kulipa. Mnunuzi adai kadi ichomekwe kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Afungue programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka wa 2018 hutoa onyo inapokutana na kadi bandia za NVIDIA. Asome aina ya chipu, kumbukumbu na idadi ya viini. Kisha kadi ifanyishwe kazi nzito kwa nusu saa, huku akitazama kama skrini inatoa madoadoa au mistari, kama feni zinanguruma, na kama kompyuta inajizima. Akague pia kutu kwenye mabati na alama za kuchomelewa upya. Muuzaji akikataa kupimwa, mteja amekwisha kupata jibu lake. Pesa zisitumwe kwa simu kabla ya hapo, na risiti iandike jina kamili la kadi na siku za kuirudisha.

Kwa upande wa shule, nina neno jingine. Mwalimu mkuu mwenye pesa kidogo hushawishika kutia kadi ndogo katika kila kompyuta ya maabara ili pasiwe na malalamiko. Afadhali pesa hizo zitengeneze kompyuta moja au mbili zenye nguvu, na zile nyingine zibaki kama zilivyo. Wanafunzi watachora na kuhariri kwenye mashine za kawaida, kisha kazi nzito ya mwisho ipelekwe kwenye ile yenye kadi, hata ikiwa ni usiku wanafunzi wakiwa wamelala. Na shule inapotangaza zabuni, isiandike jina la kadi linalovuma. Iandike kazi itakayofanywa, wati ambazo sanduku linaweza kutoa, kimo kinachoingia, na mwaka ambao viendeshi havipaswi kuwa vimekoma. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 yenyewe inataka masharti ya kiufundi yazingatie utendakazi wa kifaa.

Mwalimu wa kompyuta naye anaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo. Kujumlisha wati ni fizikia, kukadiria uniti za umeme ni hesabu, na kusoma masharti ya muuzaji ni ufahamu. Darasa lililofanya zoezi hilo mara moja litawaokoa wazazi wengi kuliko matangazo ya tahadhari.

Kadi iliyotumika, basi, si aibu wala si bahati nasibu. Anayekwenda mjini akiwa na karatasi mfukoni inayotaja kazi yake, wati za sanduku lake na mwaka anaotaka kadi imfikishe, atarudi Mutuini na kitu cha manufaa hata kama ni cha mwaka wa 2019. Anayekwenda na jina tu, hata awe na pesa nyingi kiasi gani, atachaguliwa na muuzaji.