Tairi Kuukuu na Roho za Watu



Ndugu msomaji, baina ya abiria na lami hapana kitu ila mpira wa tairi, na pahala kila tairi linapoigusa lami pakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Juu ya viganja hivyo vinne watu hubebwa kila siku kutoka Likoni hadi Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, na kuteremka kilima cha Kwale kuelekea Kombani. Jambo dogo kwa macho, zito kwa dhima.

Madereva wetu wanayo mengi ya kusema juu ya matairi. Zamani wengi walitegemea Yana, lililotengenezwa Nairobi, mpaka kiwanda kile kilipofungwa mwaka 2016. Leo huchagua mojawapo ya aina tatu: jipya kutoka ng'ambo, lililovikwa mpira mpya juu ya mwili wa zamani, na la mtumba lililokwisha kutumika Japani au Ulaya. Anunuaye jipya hulalamikia bei. Anunuaye mtumba husifu jina kubwa lililoandikwa ubavuni, kisha haupiti muda mrefu ila utamkuta kando ya njia akizungusha jeki.

Hapana hata moja katika hayo matatu lililo haramu kwa dhati yake. Lililovikwa mpira upya kwa ustadi hufungwa hata katika ndege. Haramu ni kuficha.

Na yanayofichwa ni mengi. La kwanza ni umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT, zipo tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 3515 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2015. Mpira huzeeka kwa jua na joto hata ukiwa dukani, na watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10, japo mifereji yake ingali mirefu. La pili ni asili yake. Lenye picha ya mlima na kitone cha theluji liliumbwa kwa baridi. Mpira wake ni laini, na lami ya Diani wakati wa kaskazi huula upesi. La tatu ni nyufa zilizopakwa rangi nyeusi inayong'aa, na mifereji iliyochongwa kwa kisu juu ya tairi lililokwisha kuwa kipara.

Imepokewa na Abu Hureira katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika fungu la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi rangi ile nyeusi ina tofauti gani na nafaka kavu iliyowekwa juu ya mbichi?

Fikihi imempa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua, anayo haki ya kurejesha. Maandishi ya dukani kwamba bidhaa ikiuzwa hairudi hayamvui muuzaji aliyejua akanyamaza. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, mnunuzi naye arejeshe mara tu aijuapo aibu. Akiendelea kulitumia, haki yake imeporomoka.

Yuko mwengine asiyetajwa sana, naye ni mwenye gari. Hudai hesabu yake kila jioni, na dereva akimwambia matairi yamekwisha, humjibu asubiri mwisho wa mwezi. Dereva akikataa kuliondoa gari, kesho hupewa mwengine. Kisha tairi likipasuka, husemwa ni kadari. Ni kweli, hapana kifo ila kwa kadari. Lakini sheria yetu imemlazimu aliyeua kwa makosa dia na kafara, ilhali kifo kile nacho ni kadari. Kadari haimwondolei mtu dhima.

Nasi wenye familia tusijitoe. Tukodipo gari la kupeleka watu harusini Msambweni au mazikoni Vanga, huuliza bei na idadi ya viti. Tuinamie pia magurudumu: tutazame nyufa, waya zilizochomoza, na zile tarakimu nne. Vivyo hivyo gari lichukualo watoto skuli na madrasa. Dereva mwema hatachukia kuulizwa. Huenda swali la wazazi ndilo litakalompa nguvu ya kumkabili tajiri wake.

Mwenye gari asomaye haya, atenge fungu la matairi katika hesabu ya kila siku kabla hajaihesabu faida. Fungu hilo si mali yake; ni haki ya waliompa nauli na roho zao pamoja.

Wabillahi taufiki.