Vitenge vinavuka Rusumo, filamu inakwama

Kwa miezi mitatu sasa naitafuta filamu moja niitazame nyumbani, hapa Nyamirambo, pamoja na mama yangu. Mama alikulia Karagwe enzi za ukimbizi, na mpaka leo akitaka kucheka vizuri au kugomba vizuri hutumia Kiswahili. Filamu yenyewe ni Maangamizi: The Ancient One, iliyoongozwa na Martin Mhando wa Tanzania pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Humo Amandina Lihamba, msomi wa tamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameigiza mwanamke aitwaye Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza kwa miaka mingi, na daktari anayekuja kumtibu ni mwanamke mweusi kutoka Marekani. Mwaka 2001 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar. Ilipita miaka kama 20 kabla nchi hiyo haijapeleka nyingine, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji.

Filamu yenye heshima hiyo, iliyotengenezwa kwa jirani, mtu angedhani ni suala la kuuliza tu.

Nilianza na vibanda vya kujaza flashi pale Nyabugogo. Kijana alinifungulia kompyuta yenye filamu zisizohesabika: za Kikorea, za Kihindi, za Kimarekani, nyingi zikiwa agasobanuye, yaani zimepachikwa sauti ya mtu anayekusimulia kwa Kinyarwanda kila kinachotokea. Nilipomtajia jina aliniuliza, "Mzee, ni ya mapigano?" Nikasema hapana. Akafunga kompyuta.

Nikamtuma jirani yangu, mama anayefuata vitenge na nguo za watoto Kariakoo. Alirudi na flashi, kaivaa shingoni kama hirizi. Tulipoichomeka kwenye televisheni tukakuta tamthilia tatu za Bongo, moja imekatika katikati, na harusi ya watu tusiowajua. "Kaka, nimezunguka mpaka miguu imevimba," aliniambia. "Wananiuliza, ya mwaka gani? Nikitaja mwaka wanacheka." Mlango pekee nilioupata mimi mwenyewe ulikuwa wa kuagiza diski kutoka Marekani. Filamu ya Kitanzania ivuke bahari mbili ili ifike kwa mtu anayeweza kupanda basi jioni na kesho yake akashuka Dar es Salaam.

Nawaandikia ninyi mnaovuka mipaka kwa sababu kuna wakati kazi hii ilikuwa yenu. Wengi mnakumbuka diski za marehemu Steven Kanumba. Zilikuja ndani ya mabegi, katikati ya khanga na viatu, zikauzwa Kigali, Bujumbura, Goma na Bukavu. Alipofariki Aprili 2012, mitaa ya Biryogo ililia kana kwamba ni mtoto wa hapa. Hakuna wizara iliyomleta Kanumba Kigali. Mlimleta ninyi, na nyingi kati ya diski hizo, tuseme ukweli, zilikuwa nakala ambazo yeye na wenzake hawakulipwa hata senti.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Tanzania ilianzisha stempu za ushuru kwa kanda na diski za filamu na muziki mwaka 2013, ili halali ijulikane na haramu ijulikane. Lakini stempu ile ikishavuka daraja la Rusumo inabaki karatasi tu. Dar es Salaam haki za msanii ziko kwa COSOTA, Kigali zinaandikishwa RDB, Nairobi kuna KECOBO. Kila nchi ina utaratibu wake wa kukagua filamu. Tumekuwa na Itifaki ya Soko la Pamoja tangu Julai 2010, na tangu 2016 pale Rusumo tunakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Gunia la mchele limenufaika. Filamu bado inahesabiwa ngeni kila inapogusa mpaka.

Najua jibu la vijana: mzee, kila kitu kipo intaneti. Hakipo. Filamu za zamani hakuna aliyejisumbua kuzipandisha, na hata zile mpya, mara nyingi unabonyeza ukaambiwa haipatikani katika nchi yako. Sijui neno gani zaidi ya hilo linaweza kuitukana Jumuiya.

Ninachokitaka si kikubwa. Kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha waliyokubaliana majirani, unapewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Mahindi yanapita hivyo, maharage na samaki vilevile. Filamu iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, kwenye diski au flashi yenye alama ya mwenye haki, iingizwe katika orodha hizo. Na ikishakaguliwa katika nchi moja, nchi nyingine iheshimu ukaguzi ule. Watayarishaji nao waache kuwaona wachuuzi kama wezi. Wawape nakala kwa bei ya jumla, kama anavyofanya mwenye kiwanda cha sabuni. Mtu anayejua njia, mteja na bei ya basi ndiye wakala bora kuliko ofisi yoyote.

Soko lipo. Tangu 2005 tamasha la Hillywood lililoanzishwa na Eric Kabera limekuwa likipandisha skrini kwenye vilima vya Rwanda, na watu hukaa chini kwenye nyasi usiku mpaka mwisho. Watu hao wakirudi nyumbani wana televisheni.

Jirani yangu anasafiri tena Alhamisi. Safari hii nimemwandikia jina la filamu, la mwongozaji na la mwigizaji kwenye karatasi, na nimempa fedha za kumlipa mwenye haki atakayempata, si za kununulia nakala ya kuchomwa. Amezihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge, kisha akauliza, "Na Rusumo wakiniuliza hii ni bidhaa gani, niandike nini?"

Bado sijampa jibu.