Biskuti ya Mbwa Sio Uzungu

Acha niseme mapema ndio mkasirike mapema: kila baada ya wiki mbili mimi huokea mbwa biskuti. Hapa hapa Kaloleni, Kisumu, kwa jiko la makaa. Na mbwa mwenyewe hata si wangu, ni wa ploti. Anaitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa Kenya.

Najua mnachofikiria kwa sababu nimeshaambiwa usoni. Kuna jirani yangu, mama mmoja namheshimu sana, anauza mitumba Kibuye. Alinikuta nje ya mlango nakanda unga, akauliza kama ni chapati. Nikamwambia ukweli. Akashika kiuno. "Omera, guok? Watu wanalala na chai ya rangi, na wewe unapikia guok?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka cheko la aibu nikaendelea kukanda. Leo nina jibu, na ndilo hili.

Kwanza nikubali kosa langu. Biskuti za kwanza nilizioka kwa sababu ya kamera. Nilikuwa nimeona watu wa nje wakiwatengenezea mbwa wao keki za birthday zenye mishumaa, nikasema hii kitu ikifanywa na msee wa Kaloleni itachekesha. Na ilichekesha. Lakini kama uliangalia vizuri, Simba alikula akiwa mbali. Hakuwa anakaribia mtu. Nilirusha kipande, akakidaka, akakimbia nacho nyuma ya tangi la maji. Nikamaliza kurekodi, nikasahau.

Miezi michache baadaye ikafika siku ya chanjo ya mbwa mtaani. Walipita na kipaza sauti, leteni mbwa wenu, ni bure. Sasa wewe mlete Simba. Nani atamleta? Huyu mbwa tangu azaliwe mkono wa mtu amejua ni wa kurusha mawe. Tulijaribu kumzingira vijana wanne na kamba ya kuanikia nguo. Akapita katikati yetu kama gari la Mamboleo limekosa breki. Tukacheka, tukasema mwaka ujao. Jioni Simba akarudi kulala mlangoni kama kawaida, bila chanjo.

Kabla huo mwaka ujao haujafika, Simba akamuuma mtoto. Mtoto wa miaka saba, wa yule yule mama wa Kibuye. Hakuwa amemchokoza. Alikuwa anakimbia na mpira, akamkanyaga mkia akiwa amelala. Meno mawili kwa ndama ya mguu.

Hapo ndio tulianza kuulizana swali ambalo hatukuwahi kuuliza: huyu mbwa ana chanjo? Na Simba ni wa nani hasa? Kila mtu akamwangalia mwenzake. Wakati anabwekea wezi alikuwa wetu sote. Siku ameuma akawa hana mwenyewe.

Mtoto alioshwa kidonda, akapelekwa hospitali, akaanza sindano. Si sindano moja, ni kurudi na kurudi kwa tarehe walizoandika kwa kadi. Kila kurudi ni nauli, na kwa mama yake ni siku ya soko imekufa. Simba naye tukaambiwa asiuawe, afungiwe aangaliwe siku 10. Maana yake ni hivi: mbwa ambaye kichaa kimeshafika kwa mate yake kwa kawaida hamalizi siku 10 bila kuugua au kufa. Akimaliza akiwa mzima, basi hakuwa anaambukiza siku alipouma.

Alishikwa vipi, wakati vijana wanne na kamba walishindwa? Msimamizi wa ploti alichukua kichwa cha mbuta, akakiweka ndani ya bafu moja bovu, akasimama kando. Simba akaingia mwenyewe. Mlango ukafungwa.

Siku 10 ni nyingi. Kila asubuhi ploti nzima inachungulia kwa tundu: amekula? Anatoa mate? Anaogopa maji? Mama wa mtoto alikuwa anachungulia wa kwanza, kabla hata hajawasha jiko. Hakuwa anaongea na mtu. Mimi nilikuwa na aibu yangu na pia nilikuwa na muda, kwa hivyo kazi ya kumlisha ikawa yangu, kwa kupitisha chini ya mlango. Chakula, maji, na zile biskuti zilizobaki kwa mkebe. Siku ya pili alingoja nitoke ndio ale. Siku ya tano alikuwa ananingoja mlangoni. Siku ya tisa niliita jina lake na mkia ukapiga ukuta.

Siku ya 10 alikuwa mzima. Mtoto pia yuko mzima, alimaliza sindano zake zote. Lakini mimi nilitoka pale na kitu kimoja kichwani: kilichomkamata Simba haikuwa nguvu wala kamba, ilikuwa ni chakula. Na kama tungelijua hilo mapema, chanjo angeipata siku ile ilipopita mlangoni.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hii si story ya Simba peke yake.

Kichaa cha mbwa kiko Kenya tangu 1912, wakati mbwa mmoja alithibitishwa kuwa nacho viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka 100. Duniani kinakadiriwa kuua watu karibu 59,000 kila mwaka, na karibu wote wamekipata kwa mbwa. Katika wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kinga iko, ya mtu na ya mbwa. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukimaliza kufikia 2030, na kati ya kaunti tano zilizochaguliwa kuanza nayo, Kisumu ilikuwemo. Hesabu yenyewe ni rahisi: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, na urudie kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuua mbwa ovyo hakujasaidia popote. Ukiua, wengine wanahamia na wanazaa, nao hawana chanjo.

Kwa hivyo kazi yote iko kwa hiyo 70. Na nyinyi mnajua mbwa wa mitaani kwetu. Wengi wana kwao. Wana ploti, wana kibanda cha nyama wanachokaa mbele yake, wana watu wanaowajua kwa jina. Shida ni kwamba hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuwashika shingo. Mbwa kama huyo, hata dawa ikija bure hadi mlangoni, ni kama haijakuja. Hapo ndipo biskuti inaingia. Haimpi mbwa raha tu. Inamfundisha kitu kimoja: nikiitwa jina na nikienda, kuna kitu kizuri.

"Lakini hiyo ni tabia ya wazungu." Hebu tuangalie. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 Mmarekani mmoja, James Spratt, alienda Uingereza kwa biashara, akaona mbwa wa bandarini wanagombania biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa. Hapo akapata wazo, na karibu 1860 akaanza kuuza keki za mbwa London. Kwa hivyo hata hiyo ya wazungu ilianza na mbwa wa ufuoni wanaookota makombo, ndugu kabisa na wale wa Dunga wanaongoja matumbo ya samaki. Na dani yangu kule Seme hajawahi kusikia jina la Spratt, lakini kila jioni alikuwa anaita mbwa wake kwa tonge la kuon mkononi, na mbwa anakuja anakaa. Angekuja mtu na sindano, dani angemshika bila jasho. Sisi wa mjini ndio tuliacha tonge tukashika jiwe.

"Lakini watu wana njaa." Ni kweli, na hilo silichezei. Mfuko wangu wa mwisho ulinigharimu kama shilingi 170 na makaa, nikapata vipande karibu 80, vya wiki mbili. Mwambie mama wa Kibuye alinganishe hiyo na zile siku za soko alizopoteza. Mimi sitathubutu kumwambia, lakini hesabu anaijua kuliko mimi.

Haya, tuoke. Mimi si daktari wa mifugo, hata chuo chenyewe sikumaliza, kwa hivyo mbwa wako akiwa mgonjwa peleka kwa wanaojua. Lakini hii ni ya kawaida na nimeirudia mara nyingi.

Chukua omena mkono mmoja, zile kavu, si za kukaangwa. Loweka kwa maji moto, suuza mara tatu mpaka mchanga uishe, zikaushe kwa sufuria bila mafuta, halafu twanga. Chemsha viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vinatoka pande za Kabondo, ponda upate kikombe kimoja. Changanya na yai moja na unga wa ngano wa kahawia vikombe viwili. Kanda mpaka ushikane, sukuma kwa chupa, kata vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Weka mchanga ndani ya sufuria kubwa, pasha moto dakika 10, ingiza sufuria ndogo yenye biskuti, funika, weka makaa kidogo juu ya kifuniko. Baada ya dakika 40 hivi zinakuwa ngumu. Ziache zipoe na zikauke kabisa ndio uweke kwa mkebe.

Usiweke chumvi, sukari wala viungo vya paketi. Vitunguu usiguse kabisa, cha maji wala saumu, vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti ni sumu kwake, zabibu pia, makadamia pia. Na ile sukari bandia inaitwa zailitoli, iliyo kwenye chingamu zisizo na sukari, inaweza kumuua haraka. Mifupa iliyopikwa usimpe, na watu wa mgongo wazi wa Obunga naomba mnisikie: ule mgongo unavunjika kama sindano tumboni.

Na unga uwe ule ambao wewe mwenyewe ungekula. Hii tabia ya kusema "mahindi yameota kuvu, apewe mbwa" tuiache. Mwaka 2004 kule Ukambani sumu ya kuvu, aflatoksini, iliwapata watu 317 na kuua 125. Ini la mbwa nalo halivumilii sumu hiyo.

Halafu usimshibishe. Biskuti isizidi sehemu moja kwa kumi ya anachokula kwa siku. Hii si chakula, ni mwito.

Tumia hivi. Wiki ya kwanza, ita jina, rusha kipande, ondoka. Wiki ya pili, ita jina, weka karibu na mguu wako, usimguse. Wiki ya tatu, akila, mguse shingo kidogo, mpe kingine. Ndio ulete kamba, aizoee kabla ya siku yenyewe. Usiharakishe. Fanya hivi na mbwa mnayejuana tu, sio kila mbwa wa barabarani, na watoto wasijaribu wakiwa peke yao. Na yeyote akiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone.

Chanjo iliporudi, mimi na Simba tulitembea. Kamba shingoni, biskuti mfukoni. Alitetemeka, nikamwita jina, akaniangalia, sindano ikaingia. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Yule anayeandika akauliza, mwenye mbwa ni nani?

Nikageuka nyuma. Watu wa ploti walikuwa wanaangalia simu zao.

Nikataja jina langu. Cheti kiko ukutani, kando ya kalenda.

Siku hizi mama wa Kibuye akirudi sokoni Jumapili jioni hunipitishia omena zilizovunjika, zile za chini ya gunia. Hasemi kitu kingine. "Za guok yako," anasema, anaingia kwake. Mtoto bado humpita Simba kwa mbali, na simlaumu.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na chanjo nyingi hutangazwa karibu na hapo. Hesabu wiki tatu kurudi nyuma. Kwa ploti yenu yuko Simba wenu, unamjua. Nunua kiazi kimoja.