Kabla ya Kufukia Nyaya za Umeme

Kila mti unapoangukia nyaya huku Kuresoi na giza likatanda, wapo wanaodai kwamba dawa ni kuzifukia nyaya zote ardhini. Rai hiyo ina mantiki, lakini haijakamilika.

Tumezoea kuuita umeme "mkondo", neno linalotukumbusha maji ya mto. Licha ya uzuri wake, neno hilo linaficha jambo moja: mkondo wa umeme huupasha waya moto. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huzalishwa mara nne. Waya ulio nguzoni hupozwa na upepo. Uliofukiwa hutegemea udongo kuliondoa joto hilo. Udongo wenye unyevu hulipitisha vyema. Udongo mkavu hulizuia, na joto lenyewe huzidi kuukausha. Nyaya nyingi za siku hizi hazipaswi kuzidi nyuzi 90 za Selsiasi kwa muda mrefu, la sivyo plastiki inayozihami huharibika.

Mji wa Auckland, New Zealand, ulionja shubiri hiyo mwaka 1998. Katika kiangazi kikali, nyaya kuu nne zilizofukiwa ziliharibika moja baada ya nyingine, na kitovu cha mji kikakosa umeme wa kutegemewa kwa takriban wiki tano.

Basi anayetaka nyaya zifukiwe na aulize kwanza: je, udongo wetu umepimwa wakati wa ukame wa Januari, au wakati wa mvua za Aprili pekee? Walimu wa fizikia nao wawafunze wanafunzi kuliuliza swali hilo. Hesabu ikikosewa, mlipa bili ndiye atakayeigharamia.