Dakika 20 za Dar–Zanzibar, na zile zisizohesabiwa

Jamani, leo tupige hesabu kidogo. Ukimuuliza mtu yeyote ndege ya Dar kwenda Zanzibar inachukua muda gani, jibu ni lile lile: dakika 20. Hakudanganyi. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 73 tu. Ni kama kwenda Bagamoyo. Ndege haijamaliza kupanda, rubani ameshaanza kushuka.

Lakini nani anaishi uwanjani?

Mchukue mkazi wa Upanga. Bandari ya boti iko jirani yake kabisa. Uwanja wa ndege uko kilomita kama 12, na Barabara ya Nyerere jioni mnaijua: saa nzima inakatika umekaa tu. Weka saa nyingine ya kuripoti mapema na kukaguliwa, kisha mizigo, kisha teksi ya kumpeleka mjini upande wa pili. Zile dakika 20 zimeshakuwa karibu saa tatu. Boti ya kasi inatumia kama saa mbili na kumshusha Malindi, Mji Mkongwe wenyewe. Hata akitangulia bandarini nusu saa, hajaachwa nyuma.

Sasa mchukue wa Gongo la Mboto. Kwake uwanja ni wa njiani, na bandari ndiyo mbali. Huyu apande ndege, sina ubishi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe unatokea wapi, sio ndege inaruka dakika ngapi. Kwenda Dodoma, karibu kilomita 400, ndege ilikuwa inashinda bila mjadala mpaka treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024. Sasa na huko hesabu imebadilika.

Kuna jambo ambalo saa haipimi. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba. Julai 2012 ikawa MV Skagit, ikitoka hapa hapa Dar, karibu na Chumbe. Kuna watu tangu hapo hawajakanyaga boti. Mtu wa namna hiyo simwambii habari za kuokoa dakika 40, na wala simuoni mwoga.

Ninachokataa ni haya matangazo, na hata sisi wa magazetini, kuendelea kuimba "dakika 20" kana kwamba ndiyo safari nzima. Msafiri atajiwe muda wa kutoka mlangoni hadi mlangoni. Na anayekata tiketi ya boti aambiwe pale pale dirishani bahari ikoje siku hiyo. Utabiri Mamlaka ya Hali ya Hewa inautoa, kazi ni kuubandika tu.

Mimi nakaa Sinza. Kaskazi ikitulia nachukua boti. Kusi likichachamaa, ndege, mshahara ukiruhusu.