Picha Haziibwi Mpakani

Tulipokuwa tukiandaa toleo hili tulizikataa picha zote za msururu wa malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, zilizopigwa kwa droni. Ni nzuri, hatubishi. Ila magazeti yalikwisha kuzichapisha mwaka 2020, kisha tena Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva walipe dola 30 za kipimo cha korona nao wakagoma. Ukiiona moja umeziona zote: lami, matrela, mtu hayumo.

Watu walikuwa chini. Dereva wa kwenda Kampala au Juba akikwama siku kadhaa mahali pamoja, lori linageuka nyumba. Uvunguni mwa trela pana jiko la makaa na sufuria ya ugali, nguo zimeanikwa kwenye kamba, taniboi kajinyoosha juu ya katoni kwenye kivuli cha magurudumu. Hapo ndipo baadhi ya wapiga picha wetu walipopata hamu mpya ya kazi, na kilichowapeleka ni njaa. Machi 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mikusanyiko kwa ajili ya korona. Harusi zikasimama, mahafali yakasimama, na anayeishi kwa harusi na mahafali akabaki na kamera na deni la kodi ya nyumba. Kilichobaki wazi ni barabara, tena mchana tu, maana usiku palikuwa na kafyu.

Upigaji picha wa mitaani tuliojifunza wengi wetu ni wa kuvizia. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliupa heshima kubwa: unanasa tukio mwenyewe hana habari, unakwenda zako. Haya, jaribu hivyo Busia, kwenye mpaka huohuo. Mbadilishaji fedha mwenye mabunda ya shilingi za nchi mbili hataki sura yake ionekane. Aliyepitisha mzigo njia za panya hataki. Askari ndiye hataki kabisa. Mpakani mwenye kamera hudhaniwa mpelelezi. Ndiyo maana kwa miaka mingi tulipita hapa kamera ikiwa mkobani, tukaenda kupiga picha Nairobi, ambako hakuna anayekujua.

Dhiki ilitulazimisha kukaa. Na ukikaa lazima usalimie, "yoga" Malaba, "mulembe" Busia. Unakunywa chai, unaulizwa picha ni za nini na nani atazila. Wapo watakaosema picha ya kuomba imekufa kabla haijapigwa, kwa kuwa mtu hujitengeneza. Si uongo. Mezani kwangu zimepita nyingi za namna hiyo, watu wamekakamaa kama wa picha ya kitambulisho. Lakini hakuna awezaye kujitengeneza mchana kutwa. Atachoka, atamgeukia mwenzake, atarudia shughuli yake, na wewe bado upo.

Tazama picha za watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendeshwa kwa mikono. Zilipigwa wakati mpaka umefungwa, malori ya mizigo yanapita, wao hawapiti. Katika moja, mwenye baiskeli anapaka grisi mnyororo ulio usawa wa kifua chake. Nyuma yake pa kuwekea magunia ni patupu. Viganja vina sugu palepale penye vishikio. Mpita njia angepiga baiskeli. Sugu zile angezionea wapi?

Si sisi wa kwanza kutafuta nguvu kwa kuwarudia watu wenyewe. Boniface Mwangi, aliyepiga picha za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 na kuumizwa sana na aliyoyaona, hakuzifungia kabatini. Mwaka 2009 alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyotundikwa barabarani ili wapita njia wazitazame. Nasi tumeiga kidogo. Kila tuliyempata kati ya walio katika kurasa hizi amepewa nakala yake kabla ya wewe msomaji kuiona. Wengine walizitazama wakasema zisitoke. Hazimo.